Pikipiki Iliyonunuliwa kwa Makonyo

Usiulize mbio zake, uliza humbeba nani. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kinyambwe, na ilianza hivi.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini nimenuna. Jana mlirudi kutoka gereji mkicheka, wewe Hafidh na dada yako Time. Mlikuwa mkibishana kipi bora kununua, skuta au pikipiki ndogo, na fundi akawakata kauli kwa maneno hayo. Mkayachukua kama mzaha, mkayaimba njia nzima mpaka mlangoni kwangu, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa na hasira, wajukuu zangu, na mimi nilikuwepo alipoyasema. Kaeni chini.

Kinyambwe mnaijua ilivyo. Vilima na mabonde, nyumba moja huku, nyingine ng'ambo ya mpunga. Wakati huo lami ilipita mbali na sisi, na njia zote zilikuwa za udongo mwekundu. Simu zilikuwa chache, na hizo chache hazikushika bondeni. Mkunga wetu alikuwa Bi. Kaije Shaame, mwanamke mnene, mpole, aliyesomea kazi yake mjini na kupangiwa kituo chetu kidogo cha afya. Watu wengi mnaowaita baba na mama walipokelewa na mikono yake. Alikwenda kwa miguu, mkoba wa vifaa kichwani, masika na kiangazi, na miguu yenyewe ilikuwa imeanza kuvimba.

Sisi wanawake tukaona huyu tumtafutie chombo. Msimu wa karafuu ulipoingia tukaokota makonyo, vile vijiti vya karafuu. Wanaume walikuwa juu ya mikarafuu wakichuma, sisi tulikaa chini tukichambua, na vile vikonyo ambavyo kila mmoja alikuwa akiviuza kwa chumvi na sabuni yake tukaviweka pamoja. Msimu mzima tulinuka karafuu mpaka kwenye nywele. Tulipouza, kilichopatikana tukakikabidhi kwa kamati ya kijiji, maana wao ndio waliokuwa wakijuana na wenye maduka mjini. Hilo ndilo kosa letu, kama mnatafuta kosa letu.

Bi. Kaije alitaka skuta. Alikuwa ameijaribu ya mpwa wake huko mjini, na alitueleza kwamba skuta huipandi, unaikalia, kama mtu anavyokaa kitini. Huinui mguu wala hupandishi nguo. Mkoba unauweka chini, mbele yako, pale panapokaa miguu. Haina klachi wala gia ya kukanyaga; ukivuta mafuta inakwenda, ukibana breki inasimama. Alisema haina mbio nyingi, na yeye mbio nyingi hana haja nazo. Haja yake ni kutoka mlangoni kwake pale pale anapoitwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mbarouk Faki. Mtu wa maneno mazuri, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kazi. Akaitisha mkutano, akasimama, akatueleza kwamba kina mama tumefanya jambo kubwa, ila katika mambo ya vyombo vya moto tumepotea. Skuta ina magurudumu madogo, ikiingia kwenye matope ya masika haitoki. Ipo chini, itagonga mawe. Kwenye kilima cha msikitini itazima. Pikipiki ndogo ina magurudumu makubwa, inapanda popote, inakula mafuta kidogo, vipuri vyake vimejaa kila duka, na kwa mbio haina mfano. Mgonjwa, akasema, hataki chombo kizuri, anataka chombo cha haraka.

Sitaki kumsingizia. Kila alichosema kuhusu vyombo vile kilikuwa kweli. Nimekaa na hasira yangu miaka mingi na bado nasema kilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Tulipoendelea kubisha, Mbarouk akasema basi tuvipime. Ikaletwa skuta ya kukodi kutoka mjini, na pikipiki akaazima kwa rafiki yake. Skuta akapewa kijana mmoja wa huko huko mjini, pikipiki akapewa Kombo, mtoto wa dada yake Mbarouk. Watoke kituo cha afya mpaka kwenye lami, halafu warudi. Kijiji kizima kilijipanga njiani kama siku ya Idi. Kombo alirudi vumbi limemjaa usoni, akashuka, akanywa maji, akaanza kusimulia, na skuta bado inasikika kwa mbali ikihema kwenye kilima. Wanaume wakapiga makofi. Hata baadhi yetu tulipiga makofi.

Bi. Kaije alikuwa kwenye benchi la kituo muda wote. Alinyanyuka taratibu akasema, "Mmeshindanisha vijana wawili. Mimi nilikuwa nimekaa."

Wakacheka. Mbarouk akamwambia kwa upole kwamba atafundishwa kuendesha, na mpaka atakapojua, Kombo atakuwa dereva wake. Ikanunuliwa pikipiki.

Kufundishwa kwenyewe kulikuwa asubuhi moja, uwanja wa skuli, mbele ya watu. Ili apande ilimbidi aupitishe mguu juu ya kiti, na nguo yake ndefu haikumruhusu. Akakunja nguo, vijana wakashangilia. Akapanda, akaachia klachi, pikipiki ikaruka kama punda aliyepigwa, ikamwangukia. Bomba la moshi likamuunguza mguu. Hakurudi tena uwanjani, na hakuna aliyemwita.

Pikipiki ikabaki mikononi mwa Kombo, na kupitia Kombo ilikuwa mikononi mwa Mbarouk. Ilimpeleka Mbarouk kwenye vikao. Ilimpeleka harusini na ikamrudisha. Ilibeba samaki wake na bati zake. Kombo naye akiachwa huru aliipeleka kwenye mpira. Mara nyingine Bi. Kaije alibebwa, sikatai, pale alipoitwa na Kombo akawa yupo. Mara nyingi zaidi tulimwona na mkoba wake kichwani akishuka bondeni. Tulikwenda kwa Mbarouk kulalamika, tena si mara moja. Alitusikiliza vizuri, akatukaribisha kahawa, akasema chombo kinahitaji kutembezwa, kikikaa sana betri hufa.

Sasa nawaambia la Raya.

Raya binti Shaibu alikuwa jirani yangu, nyumba ya mwisho kule ng'ambo ya mpunga. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa Tanga kikazi. Ilikuwa masika, mchana, mvua imekatika kidogo, alipoanza kuumwa. Mama yake akaona mguu wa mtoto unatangulia. Akanipigia kelele nikimbilie kituoni.

Nilikimbia. Nilimkuta Bi. Kaije, nikamwambia mtoto anatanguliza mguu, naye akashika mkoba kabla sijamaliza. Tukaenda nyumbani kwa Kombo. Mama yake akatuambia Kombo ametoka na mjomba wake tangu asubuhi, wamekwenda kutazama shamba linalouzwa. Bi. Kaije alivua viatu, akaweka mkoba kichwani, tukashuka.

Matope yalikuwa mpaka magotini. Alianguka, nikamwinua. Akaanguka tena, akainuka mwenyewe. Nilitaka kumpokea mkoba akakataa, akaniambia nimshike mkono tu. Njia nzima alikuwa akinong'ona, nikadhani anaomba dua. Nilipomsogelea nilisikia anasema, "Asisukume. Mwambieni asisukume." Alikuwa akizungumza na Raya, na Raya alikuwa mbali.

Tulipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, naye amekufa. Kichwa kilikuwa kimekwama muda mrefu, na waliokuwepo hawakujua la kufanya. Alikuwa wa kiume. Bi. Kaije alimwokoa Raya, ambaye damu ilikuwa ikimtoka bila kusita, kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaniambia neno moja ambalo sijalisahau. Aliniambia, "Huyu ningemtoa hai."

Mbarouk na Kombo walipata habari wakiwa njiani kurudi. Walifika jioni, pikipiki inanguruma, matope mpaka kwenye taa, na kwa kweli iliyapita yale matope yote bila kukwama.

Raya alikaa ndani siku zake. Hatukumsikia akilia, na hilo lilitutisha. Alipotoka, kamati ilikuwa na mkutano, na Mbarouk akaanza kwa kumpa pole mbele ya watu. Maneno yake yalikuwa mazuri kama kawaida. Akasema ajali haina kinga, mtoto ni amana, na mwenyewe ameichukua amana yake. Kama angekomea hapo pengine ingepita. Lakini wanawake walikuwa wakinung'unika nyuma, naye akataka kuitetea pikipiki. Akasema isilaumiwe. Akasema siku ile ile, habari ilipowafikia, Kombo aliikimbiza mpaka roho ikawa mkononi, na hakuna chombo kingine ambacho kingefika haraka vile katika njia ile.

Raya alisimama. Alikuwa mwembamba kama ufito, amejifunga kanga mbili, na sauti yake haikupanda.

"Ami Mbarouk, sikukuuliza mbio zake," alisema. "Nakuuliza siku ile ilimbeba nani."

Mbarouk akasema anayaelewa machungu yake.

"Sikukuuliza machungu yangu. Ilimbeba nani?"

Akasema mambo ya kamati ni mengi, na mtu hawezi kujua saa ya kuzaa ya mwenziwe.

"Ami, mimi nimeuliza jambo dogo. Ilimbeba nani?"

Watu wazima walikuwa wakitazama chini. Kombo aliinuka akataka kutoka, mama yake mwenyewe akamshika nguo akamkalisha. Tulisubiri. Mwishowe Mbarouk akasema, tena kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Ilinibeba mimi."

"Basi," akasema Raya, akakaa.

Sisi hatukukaa. Mama yake Raya alikwenda moja kwa moja kwa Kombo, akafungua kiganja mbele ya uso wake. Kombo akamtazama mjomba wake, mjomba hakumtazama. Akatoa ufunguo. Hakuna kati yetu aliyejua kuendesha na hatukutaka kuendeshewa. Asubuhi yake tuliisukuma. Wawili kwenye usukani, wengine nyuma, tukapokezana, kilima hadi kilima, mpaka kwenye lami, na kwenye lami mpaka mjini. Bi. Kaije alikuwa nasi, mguu wake una kovu la moto. Madereva walisimama wakatuuliza kama imeharibika. Tukawaambia ni nzima. Wakauliza kwa nini basi hatuipandi, na hapo mama yake Raya akawajibu, nasi baadaye sote tukawa tunawajibu vivyo hivyo, "Usiulize mbio zake, uliza humbeba nani."

Mwenye duka mmoja akatubadilishia kwa skuta iliyokwisha tumika, rangi ya maziwa, imepasuka taa. Alitaka kutupa maelezo ya mbio zake. Tukamwambia anyamaze. Bi. Kaije akaikalia, akaweka mkoba mbele, akafunga vizuri buibui lake, akarudi nyumbani nayo polepole huku sisi tukimfuata kwa miguu.

Msidhani skuta ile ilikuwa na miujiza. Masika yalipokuja ilikwama, kama alivyosema Mbarouk. Ilikwama mno. Ikikwama, mwanamke wa nyumba iliyo karibu alitoka, na mwenziwe, wakainyanyua wakaivusha matopeni na Bi. Kaije akaendelea. Kwenye kilima cha msikitini ilizima, tukaisukuma. Lakini kila alipoitwa ilikuwa pale mlangoni kwake, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa kwenye pindo la kanga yake.

Raya alijaaliwa watoto wengine. Mbarouk akimtolea salamu aliitikia, maana salamu ni faradhi, na baada ya salamu hakumpa neno jingine mpaka mzee yule alipokufa. Watu walimshauri asamehe. Alisema msamaha huombwa, na yeye hajaombwa.

Na Mbarouk hakuvuliwa uenyekiti. Mambo hayaendi upesi hivyo. Alibaki kwenye kiti chake, na kanzu yake ya pasi. Ila kila aliposimama kutusifia kitu, iwe mashine ya kukoboa, iwe boti, iwe barabara mpya inayokuja, hakuna aliyempigia kelele wala kumtukana. Kutoka nyuma, walikokaa wanawake, sauti moja iliuliza taratibu, "Humbeba nani?" Naye alisimama pale mbele ya watu mpaka alipojibu.

Kwa hiyo nunueni mnachotaka. Kama ni pikipiki, pikipiki ni chombo kizuri, na kama ni skuta, vilevile. Lakini maneno yale msiyaimbe njiani. Yana kaburi dogo kule ng'ambo ya mpunga. Mkitaka kuyasema, yasemeni kama Raya alivyouliza, mkimtazama mtu usoni, na msikae mpaka awajibu: usiulize mbio zake, uliza humbeba nani.