Mashavu Ajifunza Kuandika Wasifu

Bwana Mbwambo, tajiri wa vifaa vya ujenzi pale Korogwe, alikuwa akitafuta msimamizi wa duka. Mashavu, mpishi wa harusini, alimpelekea wasifu wake. Tajiri aliusoma akacheka.

"Huna uzoefu, dada. Karatasi hii inafaa kufungia maandazi tu!"

Kesho yake Mashavu alirudi.

"Leo sikuja kuomba kazi, bosi. Nataka kujaribu kwa jirani yako Mzirai, ila sijui kuandika wasifu. Nani atanifundisha kama si wewe?"

Kichwa kikamvimba tajiri, akashika kalamu.

"Haya, huko harusini unafanya nini hasa?"

"Wapishi wote nawapangia kazi mimi."

"Basi sema umesimamia wafanyakazi! Na vyakula ananunua nani?"

"Mimi. Wauzaji wa jumla lazima wanipunguzie bei. Na haijatokea wageni wakakosa chakula."

"Kumbe! Hiyo inakaa juu kabisa!"

Alipomaliza kuandika, tajiri aliusoma wasifu upya, polepole, kicheko kikamwisha. Mashavu akaichukua karatasi, akashukuru, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mzirai, bosi."

"Mtu kama wewe nimwachie Mzirai? Rudi uketi! Unaanza leo."

Mashavu akaketi, akasubiri barua ya ajira mpaka ikatiwa sahihi.

"Hivi," tajiri akauliza, "Mzirai ametangaza nafasi gani?"

"Sijui hata kama anaajiri, bosi," alijibu Mashavu, akaitia barua mkobani.