Vidonge Vyote, Bila Maji

Wapendwa, zamani, kabla sindano za penisilini hazijafika huko milimani, palikuwa na mama mmoja mjane. Mwanawe wa pekee, kijana aliyebakiza mwezi mmoja tu aoe, alishikwa na kichomi. Kila akihema, mbavu zinamkata. Mama akateremka mbio mpaka zahanati.

Mganga akampa vidonge vyeupe vya salfa. "Mpe viwili kila baada ya saa nne, mama, usiruke. Na kila mara anywe maji, vikombe vitatu vikubwa. Maji mengi!"

Vidonge aliviamini. Maji aliyasikia, ila kwao mwenye kichomi hapewi maji. Eti yanampoza kifua, anakufa. Ndivyo alivyolelewa. Kila akimmezesha, kwa mate na uji kijiko kimoja, alihamisha punje ya mahindi kutoka bakuli hadi bakuli, asije akakosea. Hakukosea hata mara moja.

"Mama, maji," kijana akasihi. "Tone tu."

"Vumilia, mwanangu. Nakunyima kwa sababu nakupenda." Naye huku analia.

Siku ya tatu homa ikashuka. Vigelegele! Lakini mkojo ukaja na damu, na kesho yake haukuja kabisa. Kiuno kikamuuma hata akang'ata blanketi. Mganga alipofika, alikuta uso umevimba.

"Ulimpa vidonge?"

"Vyote, bwana mganga. Hesabu punje zile."

"Na maji?"

Mama akageuka kuutazama mtungi, umejaa bado.

"Dawa hii isipopata maji huganda ndani ya figo kama changarawe," mganga akasema. "Kichomi kimepona, mama. Kinachomuua sasa ni kiu."

Wakamzika Jumamosi, kifua chake kizima.

Mnamlaumu mama yule? Ngojeni kwanza. Yupo binti wa usharika huu aliyerudi kwao mwaka huu na mimba isiyo na baba. Sisi tulimpa nini? Aya asubuhi, aya mchana, aya jioni. Zote za kweli, hatukuruka hata moja! Alipolia, "Nisikilizeni tu," nani alikaa naye? Tulisema tunamnyima kwa sababu tunampenda. Neno ni dawa, sibishi. Lakini dawa tuliyompa bila huruma imemgandia ndani, na tangu Jumatano hali, hasemi.

Mnamjua. Ni binti yangu. Mzee wa kanisa atawafungia ibada. Mimi nakwenda nyumbani.