Mlango wa Nyuma wa Fumbo la Hamduni

Waliopokea habari za waliotangulia wanasimulia, na ukweli wake anao Mola peke yake, kwamba katika mji wa Marjani alitawala Sultani Ghayathi bin Nuumani, naye hakupenda vita wala uwindaji, bali mafumbo ya sataranji, yale ambayo mtunzi huzipanga kete ubaoni kwa hila, kisha humwambia mfumbuzi: nyeupe ianze, na Shaha mweusi afungwe kwa miendo miwili. Na sharti la fumbo ni kuwa na ufunguo mmoja tu. Likifunguka kwa njia ambayo mtunzi hakuikusudia, njia hiyo huitwa mlango wa nyuma, na fumbo huwa batili. Sultani akatoa amri kwamba mwenye kuleta fumbo safi atamwoa binti yake, Bi Rukaina, mfumbuzi asiyeshindwa, na mwenye kuleta fumbo batili atahamishwa mji, kwani aachaye mlango wazi ubaoni hashindwi kuuacha wazi ngomeni.

Wakahamishwa watunzi kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa Maalim Sururu, naye alitoka langoni akiapa, "Wallahi, fumbo langu lilikuwa na ufunguo mmoja!" Watu wakacheka, maana kila mtunzi huapa hivyo. Hakucheka mwanafunzi wake, Hamduni mshona kofia. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kushuku. Akisalimiwa "Habari za asubuhi," hutazama jua kwanza. Na akaazimia kupeleka fumbo lake barazani: likishinda, amwombee mwalimu wake, likishindwa, amfuate.

Basi alipokuwa akizipangusa kete alizoachiwa na Maalim, farasi mweusi akafuka moshi, na moshi ukawa jini mwenye masharubu hadi kiunoni.

"Labeka, bwana wangu! Mimi ni Sharkhubu. Kiapo kimenifunga nimtumikie mwenye kete hizi, wala nisimwambie uongo."

"Na Maalim Sururu ulimtumikia?"

"Kwa uaminifu."

"Naye kahamishwa."

"Kahamishwa, ndiyo," akasema jini, akizitazama kucha zake.

Hamduni akamwonyesha karatasi ya fumbo. "Kuna mlango wa nyuma?"

"Humo hamna."

Hamduni akamkazia macho. "Nimekuuliza kuna, nawe wanijibu humo hamna. Sasa niambie vizuri: hamna, au hakuna?"

Jini akashusha pumzi. "Yarabi, mshona kofia! Humo karatasini hamna. Huko Diwanini uko."

"Na Maalim hakukuuliza hivi?"

"Maalim aliridhika na hamna. Ni mtu mwema mno."

Jini akamweleza kwamba Sheikh Mutwahari, Katibu Mkuu wa Diwani ya Mafumbo, ile ofisi ya Sultani ipokeayo mafumbo, huigeuza kila karatasi ili kichwa chake kielekee kiti cha enzi, kwa adabu, kisha huzipanga kete vivyo hivyo. Na askari wa sataranji hajui kurudi nyuma. Ukigeuza ubao, aliyekuwa akipanda huwa anashuka, na fumbo safi huota milango kama kichuguu.

"Nitamshtaki!"

"Mashtaka ya Katibu hupokelewa na Katibu, kila Jumanne, naye Jumanne hayupo."

Hamduni akafikiri kuigeuza karatasi yeye mwenyewe kabla ya kuipeleka. Lakini shaka ikamkaba: je, jini akiwa ametega? Je, Katibu siku hiyo akisahau adabu? Akalichana fumbo lake, akajifungia siku arobaini, akatunga jingine.

Siku ya baraza Katibu akaipokea karatasi, akaizungusha kwa heshima kubwa, akazipanga kete. Bi Rukaina akainama juu ya ubao hadi adhuhuri, na roho ya Hamduni i juu juu. Mwisho akasema, "Ufunguo ni mmoja. Mlango wa nyuma hakuna."

Baraza likashangilia. Hamduni akaanguka kifudifudi. "Maulana, nililolileta silo hilo. Naomba ubao ugeuzwe."

"Utovu wa adabu!" akafoka Katibu. "Miaka ishirini nawageuzia watu hawa, hakuna aliyelalamika!"

Sultani akamtazama polepole. "Unawageuzia nini, Sheikh?"

Hapo Bi Rukaina mwenyewe akaugeuza ubao. Likawa fumbo jingine kabisa, na ufunguo wake ukawa mwingine, nao mmoja tu. Akaagiza zile karatasi kumi na mbili, akazipanga kama zilivyoandikwa: mafumbo kumi na moja yalikuwa safi, na la Maalim Sururu lilikuwa mojawapo. La kumi na mbili lilikuwa na milango mitano, lakini Sultani akalisamehe kwa aibu yake mwenyewe, na Katibu akatumwa kwa miguu kuwatafuta wote.

"Nawe," Bi Rukaina akamwambia Hamduni, "utanishuku na mimi?"

"Siku za mwanzo, bibi."

"Vyema. Wasioshuku tumewahamisha, na mimi ndiye niliyewahukumu."

Wakaoana waliporejea wote, na Hamduni akapewa kasri na mashamba, na Maalim Sururu akaketi mahali pa baba wa bwana harusi, akilia ndani ya pilau. Na mafunzo yake ni haya: msema kweli msikilize, lakini umuulize ni kweli ya wapi, na aliyehukumiwa akiapa, tazama kwanza mikono iliyoileta karatasi yake.