Punda wa Profesa Shekue

Profesa Shekue aliandika kitabu kinene kuhusu punda, na hakuchoka kutamba nacho chuo kizima. Mwanafunzi wake Siwema alipomwambia amegundua katika utafiti wake kwamba punda ana akili, profesa alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Punda ni mjinga, binti. Kitabu changu kimeshamaliza mjadala. Na ripoti isiyoegemea kitabu changu haipiti hapa."

"Nikikinukuu katika kila hoja, itapita?"

"Nani atayapinga maneno yangu?"

"Hakuna, profesa," Siwema alijibu kwa unyenyekevu, akaenda zake maktaba.

Siku ya kuitetea ripoti mbele ya jopo, Siwema alisoma taratibu. Punda hasahau njia aliyopita. Punda akizidishiwa mzigo, hugoma. Punda humjua anayempenda na anayemtumia.

Profesa akaruka kitini. "Upuuzi mtupu! Haya umeyaokota kijiwe gani?"

"Kitabuni mwako, profesa. La njia liko ukurasa wa arobaini. Mengine yanafuata."

Mwenyekiti wa jopo akakifungua kitabu, akasoma, akakohoa kuficha kicheko. "Yamo yote, Profesa, neno kwa neno. Sasa tumfelishe yeye au tukufelishe wewe?"

Shekue alikaa, jasho likimtiririka. "Niliandika zamani mno," alinong'ona. "Mtu husahau alikopita."

"Mtu, ndiyo," Siwema alisema, akikusanya karatasi zake. "Punda hasahau. Ukurasa wa arobaini."