Kiti cha Karani kwa Laukwai

Mmewahi kumwonea mtu kijicho mpaka uji ukawachachia mdomoni? Semeni! Mnacheka? Haya, sogeeni.

Hapo kale, senti ingali na tundu na watu wangali na haya, alikuja Pangani Mchina mmoja, Laukwai. Akaja na nini? Sufuria moja! Akachemsha majongoo ya pwani, akayaanika, akayauza kwao Uchina. Akachemsha, akaanika, akauza. Mji ukaziba pua.

Na palikuwa na Shaweji, mwana wa Bi Mwanakheri. Huyo kasoma! Misheni kasoma, Unguja kasoma, cheti kakitia fremu. Kazi? Hana.

"Mama, I am educated!"

"Na mimi nimechoka, mwanangu. Kateke maji."

Baba yake Shaweji alipofariki, Laukwai alikaa matanga siku tatu, akisugua masufuria ya msiba. Na kila msiba wa mji alisugua. Wanawake wakasemezana, "Anayesugua masizi ya wenzie hali mali ya wenzie." Wakisafiri, wakawa wanamwachia bangili zao. Kila mmoja na kitambaa chake, kila mmoja na fundo lake. Akirudi, hulikuta fundo vilevile. Bangili zikajaza sanduku, masanduku yakajaza chumba, na mlangoni pakaandikwa: BENKI.

Ndani, dirishani, pakawekwa kiti cha karani, bado kitupu. Shaweji akakiota macho wazi.

"Mama, yule hata jina lake hajui kuliandika! Benki ni ya msomi."

"Msomi alikuwa wapi masufuria yakisuguliwa?"

"Nilikuwa nasoma."

"Basi endelea kusoma."

Lo! Kijicho kikamtafuna maini. Akaenda sokoni, akapayuka, "Laukwai anahama na bangili zenu!" Mji ukamiminika. Laukwai hakufunga mlango. Akaita mmoja mmoja: "Mama, fundo lako hili?" "Langu." "Mama, fundo lako hili?" "Langu." Mpaka alasiri halikuonekana fundo lililolegea. Akaja Bi Mwanakheri. Hakuchukua kitu, wanangu! Alivua na vipuli masikioni, akaongeza, mwanawe anatazama. Soko likaangua kicheko.

Kesho yake Shaweji akameza fedheha, akaingia.

"Bwana Laukwai, nipe kile kiti."

Laukwai akammiminia chai. "Kina mtu. Mpwa wangu yuko melini."

"Anajua Kiswahili?"

"Atajifunza."

"Anawajua mama zetu?"

"Atawajua."

"Mimi nawajua leo!"

"Na jana uliwaambia nini?"

Shaweji akaiacha chai, akatoka.

Basi shikeni: kijicho ni moto, na aliyeuwasha ndiye wa kwanza kuungua. Alijiunguza mwenyewe, sikatai. Ila mpwa alimleta mpwa, mpwa naye akaleta mpwa. Wenyeji nao wakajifunza haraka, kila bosi na shemejiye. Leo nyumba ile ni ghorofa tisa, na vijana wenye digrii wanasugua ngazi, tena kwa kujuana!

Kisa nimekitua, mabega yamepumzika. Na nyinyi mlioko huko juu, Wachina kwa Waswahili, mnaoitana mjomba kwenye lifti: bandikeni nafasi za kazi ukutani, mchana kweupe, muwapime wote kwa mtihani mmoja, na atakayefaulu mpeni kiti!