Kwa Nini Shauri la Maji la Kirare Haliishi

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma. Zamani hizo mlima wetu wa Kirare ulikuwa na maji lakini haukuwa na amani. Chemchemi ilitiririka usiku na mchana, na watu walipigana usiku na mchana. Aliyewahi alinywesha shamba lake. Aliyechelewa alikuja na mpini wa jembe. Kulikuwa na mtu akiitwa Senzota, na baba yake alivunjwa mkono katika ugomvi wa namna hiyo, na mkono ule haukunyooka tena mpaka anazikwa.

Walipochoka kuuguzana, watu wakakaa wakatunga sheria. Wakachimba ndiva, yaani bwawa la kukusanya maji ya chemchemi usiku kucha, wakaitilia kizibo cha gogo na udongo. Kila nyumba iliyotoa jembe siku za kuchimba ikapewa zamu yake, na asubuhi kizibo kikawa kinafunguliwa kwa mwenye zamu peke yake. Kwa kuikumbuka mikono iliyovunjika, wakaongeza neno jingine: baraza likiketi juu ya shauri la maji, kizibo hakiguswi mpaka baraza liinuke. Kazi ya kulinda kizibo akapewa Senzota.

Senzota aliipenda sheria ile kama mtu anavyopenda paa lisilovuja. Hakumwongezea mtu hata kata moja, awe shemeji, awe mkwe. Watu walimtania kwamba angemnyima maji hata mama yake mzazi. Naye alijibu, bila kucheka, kwamba mama yake ana zamu yake, hana haja ya kuomba.

Basi akaja Namkunda. Alikuwa mjane kijana, amepanda kutoka nyikani na wanawe baada ya ukame kumaliza mbuzi wake wote. Alipewa kipande cha ardhi chini kidogo ya ukuta wa ndiva, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Akapanda maharage, yakaota, yakatoa maua, kisha jua likawaka kwelikweli. Ninyi wakulima mnajua. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, maua hupukutika, na hapo umevuna majani. Na majani hayakuwa ya kuwavusha watoto wale mpaka masika.

Akamwendea Senzota pale kwenye kizibo.

“Baba, naomba maji. Mara moja tu.”

“Huna zamu, mwanangu. Zamu ni za waliochimba.”

“Mlipokuwa mnachimba mimi nilikuwa sijafika mlimani. Ningechimbaje?”

Senzota akainama, akakandika udongo kwenye kizibo. “Mimi nalinda kizibo tu,” alisema. “Neno hilo lipeleke barazani.”

Jioni ile Senzota aliusukuma ugali kando. Alimwonea huruma yule binti, na wakati huohuo aliogopa. Akimfungulia huyu kwa huruma, kesho atakuja mwingine na huruma yake, na keshokutwa mipini ya majembe itatoka nje. Alilala na mkono wa baba yake machoni.

Kulipopambazuka baraza likaketi juu ya shauri la Namkunda, palepale kwenye ukuta wa ndiva, watu wamepangana kama kunguru. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Wa kwanza kusema alikuwa mzee Mbonea, ambaye jembe lake lilichimba kuliko majembe yote.

“Mgongo huu,” alisema, akageuka ili kila mtu auone, “ndio uliotoa udongo humu. Haki ni mtu kula jasho lake. Tukimpa asiyechimba, mwakani nani atakubali kuingia humu kuzoa tope?”

Watu wakaguna, maana alisema kweli. Lakini bibi Nakiete akamkata. “Na chemchemi uliichimba wewe? Mvua ilipoinyeshea haikuuliza nani ana mgongo. Maji ni ya wote sawasawa.” Watu wakaguna tena. Kijana mmoja mwenye watoto wengi akadakia kwamba sawasawa nayo si haki, kwani nyumba yenye vinywa vingi haiwezi kulingana na ya mtu na paka wake. Bibi Nakiete, aliyekuwa anaishi na paka, akakasirika sana. Mzee mwingine akasema wote wamesema vizuri, akasinzia.

Wakabishana, jua likapanda. Kila aliyesimama alikuwa na haki mkononi, na haki hizo hazikufanana. Chemchemi nayo haikuwa barazani, iliendelea kumimina. Mara Mbonea akaruka, akashika matako yake. Ameloa!

“Senzota! Bwawa linafurika, fungua!”

“Shauri limekwisha?”

“Litakwishaje na huyu bibi bado anabisha?”

“Basi baraza halijainuka. Sigusi.”

Maji yakapita juu ya ukuta pale penye mbonyeo, yakateremka taratibu, yakaingia kwenye maharage ya Namkunda. Senzota aliyatazama, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Hakuvunja sheria. Hakuna aliyeivunja. Mipini ya majembe ilikuwa imelala nyumbani.

Wote wakageuka, wakamwona Namkunda amepiga magoti anafungulia maji njia kwa viganja, na wanawe wanacheka matopeni. Mbonea alijua, na kila mtu alijua kwamba anajua. Angesema tu, “Tuinuke, tutamaliza siku nyingine,” kizibo kingefunguliwa na maji yangekatika. Akafikicha macho, akaketi palepale penye maji.

“Mimi,” alisema, “bado sijamaliza habari za mgongo wangu.”

Akasema mpaka jua lilipoinama. Alisimulia kila jiwe alilolitoa, na bibi Nakiete alimpinga kila jiwe, na hakuna aliyekubali kushindwa. Maharage yakanywa yakashiba. Siku ya kuzoa tope ilipofika, Namkunda alifika na jembe lake kabla ya wote, akachimba nyuma ya Mbonea, hatua kwa hatua.

Na tangu siku hiyo, sheria ya Kirare haijabadilishwa hata neno. Lakini kila maharage yatoapo maua, asiye na zamu hupeleka shauri lilelile, wazee huketi ukutani na kubishana haki ni nini, na jioni huinuka bila kuamua. Wageni hutucheka, wanasema watu wa Kirare hawajui kumaliza maneno. Nawe ukifika ukamkuta mzee anavuta maneno pale ukutani, usimkatize. Tazama kwanza kule chini, uone maji yamefika wapi.