Nyayo Juu ya Nyayo

Hii usiisome mbiombio. Ukimaliza, mpelekee yule ndugu yako asiyeambilika. Kila ukoo unaye mmoja.

Mwalimu Ndelwa alikuwa mkuu wa shule kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu, kazi aliiacha, kuamrisha hakukuacha. Asubuhi moja, baada ya mvua ya alfajiri, alikwenda na mkewe Atuganile kwenye hifadhi ndogo ya msitu, watembee polepole na kutazama wanyama.

Aliyewaongoza alikuwa binti aitwaye Namnyaki. Pale getini aliwaambia, "Tunakwenda kwa mstari. Hakuna kubaki nyuma. Na huko ndani hakuna kuketi wala kuchutama."

"Binti, haya ni matembezi au jeshi?" Mwalimu akacheka, akashika nafasi ya mwisho kwa makusudi.

Saa nzima waliona kima wachache na ndege. Mwalimu akalalamika kwamba hapa hakuna cha kuona, akachoka na masharti. Kokoto ilipoingia kiatuni, akaketi kwenye gogo na kuwapungia mkono wenzake. "Tangulieni, nitawakuta."

Namnyaki aligeuka, akarudi hadi pale. Hakumtazama Mwalimu. Alitazama kichaka kilichokuwa nyuma yake.

"Mwalimu, simama."

"Natoa kokoto."

"Simama sasa hivi!" Akamshika kwapani na kumnyanyua kama mtoto mtukutu. "Tunarudi. Wewe kaa katikati."

Mwalimu alifura kwa hasira. "Umenidhalilisha mbele ya mke wangu. Leo hii naandika barua kwa wakubwa zako, uone kama kesho utakuwa na kazi!"

Wakashika njia ileile waliyojia. Mwalimu, akiwa ameinamisha kichwa kwa kununa, ndipo alipoziona alama za viatu vyake kwenye tope. Juu ya kila alama ya kiatu palikuwa na wayo wa mnyama, mpana, wenye vidole vinne.

"Mama yangu," alinong'ona. "Nini hiki?"

"Chui," alisema Namnyaki. "Usikimbie. Tembea tu."

Kila jani lililotikisika alidhani ndiye. Alitaka kugeuka nyuma, shingo ikagoma. Atuganile alimshika shati. Hatua mia, nyayo zipo. Hatua mia tatu, bado zipo. Zilianzia karibu kabisa na geti. Mnyama alikuwa nyuma yake tangu mwanzo, wakati yeye akilalamika kwamba hapa hakuna cha kuona.

Walipofunga geti, Mwalimu alishika nguzo kwa mikono miwili. Alikuwa analia, wala hakujificha.

"Ulijua?"

"Pale kwenye gogo nilimwona. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma yako, hatua sita hivi, mkia unacheza. Ulipoketi ukawa mdogo, mzee wangu. Chui hupenda kilicho kidogo."

"Mbona hukuniambia? Nami nikakutukana!"

"Ningekuambia ungekimbia," alisema Namnyaki, "na mama hapa angerudi nyumbani peke yake."

Funzo: Usidharau onyo kwa sababu hatari hujaiona. Huenda hujaiona kwa sababu kuna mtu anaitazama kwa niaba yako, nawe unamtukana.